Siku Mbili za Kumwachisha Kotoha Ziwa

Kurahashi,
Jumapili, 20 Oktoba.

Mpendwa Shangazi Sumie,

Pokea salamu zangu kutoka huku kisiwani. Goti lako linaendeleaje? Nasikia huko Kushiro baridi imeshaanza kuuma, basi tafadhali usitoke asubuhi bila kulifunga. Sisi ni wazima. Baba Kotoha anashinda baharini kwenye vichanja vya kufugia chaza, anarudi ananuka chumvi, anakula, analala.

Mimi nimechoka, Shangazi. Sikufichi.

Kesho naanza kazi kwenye banda la kubandua chaza. Kazi yenyewe unaijua: unaingia alfajiri, huinuki mpaka mchana. Na Kotoha, mwaka na miezi minane huu, alikuwa halali bila titi, wala hazipiti saa mbili hajalidai. Ilikuwa lazima nimwachishe kabla ya kesho, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Nilijaribu ile dawa yenu ya zamani, ya kuchora uso kwenye titi ili mtoto aogope. Nikachora macho, nyusi za hasira, mdomo umepinda. Kotoha akafunua, akautazama, akacheka, akaubusu, akanyonya. Mama mkwe akasema, "Umechora mtu mzuri mno. Ondoka nyumbani siku mbili, hiyo ndiyo dawa."

Basi Alhamisi nikaenda Hiroshima peke yangu. Nilichagua hoteli moja karibu na stesheni kwa sababu ya picha tu: bafu kubwa la wanawake, maji ya moto, mvuke mpaka darini. Tangu nijifungue sijaoga hata mara moja bila mtu kunivuta nywele. Nikasema, angalau nitajiloweka mpaka shingoni.

Kufika, mlango wa bafu umebandikwa karatasi: pampu imeharibika, tunaomba radhi. Chumbani, mapazia yananuka jivu la sigara, na mimi niliomba chumba kisichovutiwa sigara. Nikafungua dirisha nipate hewa. Ukuta! Ungeweza kuugusa kwa mkono.

Nikajikaza, nikashuka mapokezi kulalamika. Kijana wa pale akainama mpaka nikaona kisogo chake.

"Tumekukosea sana, mgeni wetu."

Nami nikainama. "Hapana, mimi ndiye ninayekusumbua kazini."

Akainama zaidi, nikainama zaidi. Nilirudi juu kwenye chumba kile kile, nimeomba msamaha mara tatu. Cheka tu, najua unacheka.

Jioni, mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia. Kuta zenyewe nyembamba, nikamsikia mama yake akimwimbia. Najua si Kotoha, lakini maziwa hayajui. Yalitoka yenyewe yakalowesha blauzi. Nikaweka taulo la maji baridi kifuani, matiti magumu kama mawe, nikalia pamoja na mtoto wa watu. Kisha nikapanga mkoba, nikampigia simu mama mkwe.

"Kotoha amelia?"

"Amelia mpaka sauti imekauka. Sasa ananung'unika tu."

"Narudi, mama."

"Urudi ufanye nini? Ukirudi leo, kilio chote hiki amelia bure. Kwani anayeachishwa ziwa ni yeye au wewe?"

Nikapangua mkoba.

Ijumaa sikwenda popote. Asubuhi walitupa wali mkavu na supu ya miso vuguvugu. Nikakaa kitandani, nikachukua kalamu iliyokuwa karibu na simu, nikachora uso upya kwenye titi. Safari hii hasira sikuwa nayo. Nilichora macho yaliyofumbwa, mtu aliyelala.

Jana nikarudi. Kotoha alikuwa mlangoni, ameshika aproni ya bibi yake. Hakunikimbilia. Shangazi, nikadhani nimeshampoteza. Nikakaa chini, nikangoja. Akaja polepole, akafunua blauzi kwa vidole viwili, akatazama weee.

"Amelala," akasema.

Akashusha blauzi, akaipapasa kama anayembembeleza mtoto. Kisha akaninong'oneza, "Mama, wali."

Alikula matonge mawili. Akalala kifuani pangu usiku kucha bila kuomba. Mimi ndiye sikulala.

Kalamu ninayokuandikia ndiyo ile ya hotelini. Kijana aliniruhusu niichukue, baada ya kuinamiana tena. Katika hoteli nzima ndicho kitu pekee kilichofanya kazi.

Kesho basi naingia bandani. Kisu cha kubandulia bado sijakizoea, lakini mkono utajifunza, na nina imani majira haya ya chaza yatatuendea vizuri.

Nisalimie sana mumeo, Mzee Genzo, na dada Mizue na wanawe. Mama mkwe anakusalimu, anasema dawa yako haikushindwa, ilikuwa na mchoraji mbaya. Goti lipone, na baridi ya huko ikupitie kwa upole.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Hatsune