Baba Amenipa Tanuru la Dada Yangu

Mpendwa mshauri Maman Bernadette, naomba msaada wako upesi, kwa sababu Jumapili hii ukoo wetu unakutana Kamembe na sijui nitaingia pale uani na uso gani. Mimi ni profesa, nafundisha ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, na usinicheke, najua maprofesa hawaandikii redio, lakini jambo hili halimo katika vitabu vyangu, au tuseme limo sana, na hilo ndilo linaloniua.

Utafiti wangu ulianza na akina mama wanaovuka daraja la mpakani kwenda Bukavu na bidhaa vichwani, baadaye nikahamia swali moja lililonipa udaktari na uprofesa, nalo ni kwa nini biashara ya familia hufa pale mwenyewe anapokufa, na jibu langu nimelisema darasani, mikutanoni na kwenye redio hiihii: mzee akabidhi kazi angali hai, na amkabidhi yule anayeifanya, si yule aliyezaliwa kwanza. Sasa baba yangu ana tanuru la mikate pale Kamembe, kazi aliyojifunza Bukavu kabla hatujarudi Rwanda, na anayekanda unga, anayesimamia vijana, anayejua ni maman gani wa Bukavu analipa mikate yake na yupi anapiga porojo tu, ni mdogo wangu Josiane, mimi kifungua mimba hata hamira sijui inawekwa wapi. Baba alinisikia redioni, akashika nusu ya kwanza, akaniita mbele ya wajomba na mashangazi akasema, "Mutoto wangu, nilikusikia ku radio. Ulisema bazee baachie batoto kazi bangali bazima. Nikaelewa unaniomba mimi. Tanuru ni yako."

Maman, nilipaswa kusema hapana palepale, badala yake nikapiga magoti nikashukuru, kwa sababu baba huyu miaka yote kazi yangu aliiita kazi ya kuuliza watu maswali, na siku ile alinitazama kwa fahari, tena, niseme ukweli, wafanyabiashara ninaowahoji huniuliza, "Profesa, weye ulishauzisha nini?" na moyoni nikaona hatimaye nitakuwa na jibu. Josiane alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi, akageuka akarudi kukanda.

Kwetu mtu akipewa ng'ombe au shamba hurudi na pombe kumshukuru aliyempa, ndiyo gukura ubwatsi, na pombe ikishanyweka hakuna wa kulirudisha neno. Hiyo ndiyo Jumapili yenyewe, na mama ameshakamua ndizi za pombe. Juzi Josiane alinipigia simu akasema, "Yaya, mukubwa wangu, ukileta ile pombe, mi navuka ngambo. Ba maman ba Bukavu banajua mimi, habajue tanuru." Akivuka, tanuru litakufa, na mimi nikikataa nitamwaibisha baba mbele ya ukoo mzima. Baba husikiliza kipindi chako akingoja mikate iive, kwa hiyo majina nimeyabadilisha. Nifanye nini?

Mimi mtoto wa tanuru

Maman Bernadette anajibu: Profesa, pole. Pole nimeisema mara moja, sasa nisikilize.

Umebadilisha majina, vizuri, ila Kamembe nzima inajua ni tanuru lipi lenye mtoto profesa. Na usinizunguke. Umeandika kwenye redio anayoisikiliza baba yako kwa sababu ulitaka mimi nimwambie. Ungetaka siri ungekwenda kwa padri.

Unasema hutaki kumwaibisha mzee. Mzee hajakosa kitu, alifanya ulichosema. Aliyekosa ni wewe, unayeijua nusu ya pili na umeinyamazia. Umezunguka kwenye nyumba za watu ukiwaambia wamwache kifungua mimba wamtazame anayeifanya kazi, wao wakagombana, wewe ukaandika. Leo zamu imefika kwenu umekuwa bubu. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, mwisho wake unaujua.

Kupendwa na baba ni kutamu, hilo nakuelewa na linanigusa. Lakini jicho lile la baba ndilo lako, tanuru si lako. Wale wafanyabiashara waambie tu kwamba hujawahi kuuza kitu. Hutakufa.

Sasa usingoje Jumapili. Mbele ya ukoo mzee hawezi kurudi nyuma, atakaza shingo. Panda basi kesho. Kwanza pita kwa Josiane umwombe msamaha kwa kile kimya chako, bila maelezo marefu. Kisha nenda kwa baba mikono mitupu, hata soda usinunue. Ni mtu wa mila, akiona mtoto aliyepewa amekuja bila kitu ataanza kuelewa kabla hujaketi. Mwombe mkae wawili tu, na maneno ya darasani yaache chuoni. Mwambie, "Papa, ulisikia vizuri, mimi ndiye sikumaliza. Kazi ni ya Josiane." Halafu mwambie ulivyofurahi alipokuchagua, maana hilo nalo anastahili kulisikia. Akikufukuza, kaa uani mpaka hasira zishuke.

Ndizi za mama zisimwagwe. Jumapili baba akimkabidhi Josiane, pombe ile itakuwa ya Josiane ya kushukuru, na wa kuibeba ni wewe, begani, wajomba wote wakitazama. Ukishindwa kubeba mtungi wa mdogo wako, usirudi tena redioni kutufundisha.

Na wewe, Mzee uliyekaa karibu na tanuru, mwanao yuko njiani. Akifika, jifanye hukusikia. Mwache aseme mwenyewe.