Magunia ya Sukari Rafu ya Juu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako mguu umepona, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kumpinga tajiri wako juu ya kupanga mizigo ghalani. Zama za Mwingereza nilikuwa mpanga mizigo wa tajiri mmoja wa Kihindi, hapa Kariakoo. Siku moja aliamuru magunia ya sukari yapandishwe rafu ya juu, ili marobota ya kanga yakae chini, karibu na wateja. Tulipopandisha gunia la sita, nikaona nguzo ya rafu inapinda, naye tajiri amesimama chini yake.

"Tajiri, toka hapo!"

"Unaniamrisha? Kazi huitaki?"

"Naitaka. Toka kwanza."

Akatoka akifoka. Kabla hajafika mlangoni, rafu ikaanguka pale pale alipokuwa amesimama.

Akaniuliza, "Wewe ungepangaje?"

Nikamwambia vizito vikae chini, vyepesi juu, na vinavyouzwa kila siku viwe usawa wa kifua. Tukapanga hivyo, na kazi ikawa nyepesi.

Wewe ndiye unayeshinda ghalani, mama. Ukiona hatari, sema kwa adabu, lakini usichelewe.

Nakuombea heri,
Babu yako