Dumu la Jumatano

Dunda, Bagamoyo
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Kwa mjukuu wangu Yunus,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Kifua kile cha mvua kimetulia? Chakula cha chuo kinapita kooni? Mimi babu yako mzima, mzima kuliko vijana wote wa hapa Dunda. Leo alfajiri nimepanda minazi kumi na moja na nimeshuka kumi na moja, miaka sabini na nne hii. Wale wa bodaboda wakaniambia, "Mzee Hija, ipo siku utaanguka." Nikawajibu, kaeni hapo chini mngoje, mtazeeka nyinyi.

Nakuletea dumu, kama kila Jumatano. Ni tamu tupu, tembo la mnazi lisilochacha, nimegema leo na nimelichuja kwa kitambaa cheupe. Kondakta Abdullatif nimemwambia saa nne liwe mkononi mwako. Ulinywe mapema. Ukiliacha mpaka mchana linaanza kutoa povu, na likitoa povu hilo si langu tena, mimi kazi yangu tamu. Imamu alinisimamisha Ijumaa mbele za watu, eti, "Kazi hiyo utaiacha lini?" Nikamuuliza, hivyo vitumbua vya mke wangu Mwanamvua unavyokula kila asubuhi vinaumuliwa na nini? Si tembo langu? Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama yako Shufaa ananiambia niache makaratasi nipige simu. Simu inakula maneno. Mimi nimefika darasa la nne, na mwalimu alisema hajapata kuona mwandiko kama wangu.

Dumu tupu mrudishie Abdullatif, na jibu ulifunge kwenye mkono wa dumu. Msalimie na rafiki yako Ghaith, mjukuu wa Darwesh mwenye duka.

Ni mimi babu yako,
Hija


Dar es Salaam
31 Oktoba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo haukusumbui na Bibi Mwanamvua hajambo. Mimi sijambo, masomo yanaendelea. Ghaith anasema shikamoo.

Babu, nina ombi na naomba usikasirike. Usilete tembo tena. Wiki iliyopita mlezi wetu wa wanafunzi, Mama Somoe, alitukusanya bwalo zima. Alisema mwaka huu tu wamefukuzwa wanafunzi wanne, wawili kwa pombe, wawili kwa vitu vingine. Alisema chumba kitakachokutwa na pombe, wenyewe wanafunga mabegi. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa. Alisema mtu ajiulize, siku yake inaanza kuzunguka kitu gani?

Dumu lako halifiki saa nne. Abdullatif anafika stendi, anakunywa chai, anapakia, anazunguka. Mimi nalipata saa nane, saa tisa. Limeshachacha, babu, linasukuma kifuniko. Tunalinywa hivyo hivyo, mimi na Ghaith na wenzetu wawili watatu. Mwanzo tulikuwa tunacheka. Sasa Jumatano mchana siingii darasani. Nakaa getini nalingoja. Na Jumanne nakuwa na hasira na kila mtu.

Niletee mihogo, babu. Au bagia za Bibi Mwanamvua. Nitafurahi vilevile.

Mjukuu wako,
Yunus


Dunda
Jumatano, 6 Novemba 2024

Yunus,

Salamu nimezipata, na mimi sijambo, ila barua yako imenikaba. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani kaandika mtu mwingine.

Mimi nimenywa tembo tangu sijavaa viatu. Nimeanguka mnazi mara ngapi? Taja. Hata moja. Nimempiga mke? Nimelala mtaroni? Watu wa Msata na wa Ubena wanalifuata tembo langu, madereva wa malori wanasimamisha gari, halafu wewe damu yangu unalikataa kwa sababu mama mmoja kasimama bwaloni. Huyo Somoe anajua mnazi unagemwa vipi? Anajua kotama, kisu cha mgema, inashikwa wapi? Pombe ni hizo za chupa, za kiwandani, zenye picha ya kichwa cha mnyama. Tembo ni maji ya mti wa Mungu.

Eti Jumanne una hasira. Una njaa wewe. Kula.

Kwa kuwa unasema wenzako nao wanakunywa, basi dumu moja haliwatoshi. Leo nimepeleka madumu mawili. Nisiambiwe Hija wa Dunda ana mkono mfupi. Utanishukuru.

Babu yako


Dunda
Ijumaa, 8 Novemba 2024

Yunus mwanangu,

Hujambo? Nakuuliza kweli, hujambo?

Jana Abdullatif kaniletea dumu moja, si mawili. Kwenye mkono hamna barua. Nikamuuliza Yunus kasemaje, akasema hakukuona. Kijana asiyemjua alikuja stendi mbio mbio, kaliweka dumu chini, kaondoka bila hata salamu.

Nikalifungua nilioshe. Halikunuka mnazi. Chini kuna mashapo na ndani ya mashapo kuna chenga nyeupe, kama chaki iliyosagwa. Sasa wewe unaujua ulimi wangu. Mimi nikionja nakwambia hili limetoka mnazi wa kisimani na hili la ule mnazi mfupi wa makaburini, sijakosea siku yoyote. Nikachovya kidole, nikaonja. Sikukijua. Nikachovya tena, na tena, kwa ubishi tu.

Ilikuwa adhuhuri. Nimezinduka Mwanamvua ananimwagia maji, maghribi imeshaadhiniwa. Anasema alinipiga makofi nisitikisike, akaanza kupiga kelele za msiba, majirani wakaja.

Vidole vitatu tu, Yunus. Nyinyi mmekunywa dumu?

Nijibu. Mpe yeyote anayekuja Bagamoyo.

Babu


Dunda
13 Novemba 2024

Yunus,

Salamu. Sina cha kusema juu ya afya yangu.

Nimekubali simu. Mwanamvua kakupigia kwa simu yake mbele yangu mara sita, kuna mwanamke anajibu kwamba hupatikani. Nikamwambia yule mwanamke, "Mama, mimi babu yake." Mwanamvua akaninyang'anya simu, eti ni mashine. Nikapiga kwa mama yako Msata, hapokei. Shufaa asipopokea simu ya baba yake, kuna jambo.

Na duka la Darwesh siku ya nne halijafunguliwa. Nimepita pale makusudi. Ashatu muuza mkaa kaniambia wote wako Dar, Ghaith kalazwa, malaria imempanda kichwani. Nikasema Mungu amponye. Nikaondoka haraka, miguu ikawa inanitangulia yenyewe.

Malaria haitoki dumuni.

Utauliza kwa nini siji. Nilitoka jana mpaka stendi. Nimekaa kwenye kiti cha gari, dereva kawasha, nikashuka. Nikifika getini kwenu wataniuliza, mzee, wewe nani, unafanya kazi gani? Nitasema nini? Miaka hamsini nikiulizwa hilo naanza kujisifu kabla mtu hajamaliza.

Kama uko hai andika neno moja. Hata tusi.

Babu yako


Msata, kwa mama
24 Novemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Niko hai. Nisamehe kwa kukaa kimya, simu yangu wameishika chuoni na mama alinikataza nisikuandikie mpaka nitulie. Mama hajambo. Anauza chai yake hapo kituoni, akirudi ananitazama, basi.

Nitakwambia mara moja, maana nikisimama katikati sitamaliza.

Madumu yalifika saa tisa. Kwa kuwa yalikuwa mawili tukaita watu, tukawa sita. Ghaith alikuwa halali vizuri kwa ajili ya mitihani, kuna mtu akawa anampa vidonge vya usingizi. Siku hiyo alivitoa mfukoni akavisaga akatia kwenye dumu la pili. Alisema eti liwe na nguvu kama la watu wazima. Tulicheka, babu. Mimi nilikunywa kikombe kimoja. Uongo huo. Nilikunywa vitatu.

Ghaith akalala chini, akawa anakoroma. Mkoromo mzito, wenye kukatika. Tukasema anakoroma tu. Mama Somoe akapita kukagua vyumba, tukamfunika Ghaith shuka na tukaketi mbele yake. Aliuliza, "Nyote wazima humu?" Tukaitika wazima, mama. Alisimama mlangoni kidogo, kama anayesikiliza. Ningesema pale. Niliogopa kufunga begi. Alipoondoka nikafunua shuka nikaona midomo yake imekuwa ya bluu. Ndipo nikakimbia kumwita, na yeye ndiye aliyempumulia mdomoni mpaka gari likaja.

Mwenzetu mmoja alikimbia na dumu mpaka stendi ili lisionekane.

Ghaith hajazinduka, leo siku ya kumi na nane. Wengine tuliruhusiwa kutoka hospitali. Mimi nimesimamishwa. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi, tarehe tano Disemba. Wanataka kujua tembo limetoka wapi, na nisiposema ukweli sirudi chuoni. Nimesema tulinunua njiani kwa mtu tusiyemjua. Sikukutaja na sitakutaja. Nawe usimwambie mtu, babu, nakuomba. Wakikujua watakufuata mpaka hapo.

Jambo jingine sijamwambia mama. Ikifika saa tisa mikono inatetemeka. Baada ya yote hayo, babu, bado mwili unalitafuta. Naogopa mwili wangu.

Mjukuu wako,
Yunus


Dunda
Ijumaa, 29 Novemba 2024

Kwa Yunus, mjukuu wangu,

Marahaba. Alhamdulillahi uko hai. Nilipofika neno hilo nilikaa chini pale pale uani, Mwanamvua akadhani nimeonja tena.

Kwanza la mikono. Barua hii ukiimaliza mpe mama yako aisome yote, hata hapa. Akupeleke hospitali leo, si kesho, useme saa tisa inakufanya nini. Usione haya kwa daktari. Haya ndiyo iliyomfunika mwenzio shuka.

La pili. Umenificha kwa kamati. Tangu lini mtoto akamficha mzee? Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na ubishi huu huniwezi, nilikuwa nao kabla mama yako hajazaliwa. Alhamisi nakuja. Nitaingia kwenye hiyo kamati na kanzu yangu, niseme tembo nimeligema mimi, nimelipeleka mimi, mtoto aliniandikia nisilete, nikaleta madumu mawili. Barua yako ya tarehe thelathini na moja ninayo, nitaiweka mezani waisome. Wakiniita polisi nitakwenda. Vibuyu vya kukingia tembo nimevishusha vyote. Minazi haijui, inaendelea kudondosha, chini pamelowa na nzi wamejaa. Mwanamvua ananunua hamira, vitumbua vimekuwa kama kandambili, imamu anakula hivyo hivyo.

Na mimi naogopa, Yunus. Neno hili sijapata kuliandika, nimelitazama mara mbili kama nimelipatia.

Jana Darwesh kafungua duka. Sikutaka ayasikie kwa mtu wa kamati, nikaenda. Alikuwa anampimia Ashatu mchele. Kakonda, shati linamwelea. Nikangoja. Ashatu akaondoka. Nikasema, "Darwesh, lile tembo lilikuwa langu."

Hakuniangalia. "Tembo gani? Sisi tuna malaria."

"Walilokunywa watoto. Nimelipeleka mimi."

Akashika jiwe la mizani. Nilisema moyoni, na alirushe, sitakwepa. Akaliweka sahani hii, akalihamishia ile, akalirudisha. Akasema, "Daktari anasema tuzungumze naye, huenda anasikia. Mama yake anamsomea Yasin. Mimi nakaa pale sina la kumwambia. Mambo yake ya huko siyajui hata moja."

Nikaokota punje za mchele zilizodondoka kwenye mizani.

"Hija."

"Naam."

"Alilipenda?"

"Nini?"

"Tembo lako. Mtoto alilipenda?"

Maisha yangu yote nimengoja watu waulizwe swali hilo nikiwa nimesimama karibu. Nilimwambia sijui. Wewe unajua, Yunus. Ulikuwa unakaa naye, ulikiona kikombe chake. Usiniandikie jibu. Mwandikie Darwesh, apate la kumwambia Ghaith.

Babu yako,
Hija