Utumbo Niliouweka Juu ya Kaunta

Nyumbani, nyuma ya ghala la nafaka,
Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aonaye kilichomo kifuani kama aonavyo kilichopo mezani, nakusalimu. Natumai u mzima, pamoja na mkeo na mtoto wenu ambaye bado sijampakata. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunikumbusha umri kila nipigapo magoti. Mama yako naye hajambo.

Barua yako imenifikia. Waniomba nimsamehe baba yako, na wasema kwamba nilimwaibisha dukani kwake. Naona hakukueleza lililotangulia. Basi nitakueleza mimi.

Msimu uliopita nilifuga kuku wa nyama, nikitarajia kuwauzia watu wa shule ya bweni. Asubuhi moja niliwaona wachache wamejikunyata kando ya maji, na juu ya maranda palikuwa na kinyesi chenye rangi ya kutu. Nikaenda kwa baba yako, maana ndiye muuza dawa za mifugo hapa kwetu, nikamwomba dawa ya kuhara damu. Aliangua kicheko mbele ya wateja.

"Shemeji, hiyo si damu, ni macho ya uzee! Wewe shika dua zako, kuku tuachie sisi."

Akanipa vitamini. Juma halikwisha, nikawa nazika kuku kwa toroli. Shule ikanunua kuku kwa baba yako, maana naye hufuga.

Sasa, wajua kwamba katika ukoo wetu kuku wa wageni hachinjwi ila kwa mkono wangu. Mwezi huu baba yako alipata wageni, akaniita. Kuku alikuwa mnene, mwenye nguvu, akanipiga bawa la uso. Lakini nilipomsaidia mama yako kutoa matumbo, niliona utumbo umevimba, na kwa nje, hata kabla ya kuupasua, una vidoa vyeupe na vyekundu kama ulionyunyiziwa chumvi na pilipili. Nilipoupasua, nikakuta ute na nyuzi za damu. Bandani hakuna kuku aliyekuwa amejikunyata bado. Kuku akijikunyata, umekwisha kuchelewa. Utumbo ndio husema mapema. Na katika nyumba ile, aliyesikia ulichosema ni mimi peke yangu.

Mpwa wangu, nilifurahi. Nilinawa mikono taratibu, nikatamani nirudi kwangu na siri ile, hata toroli lilie mlangoni kwake. Lakini viumbe wale hawakunikosea. Tena kuku wakifa, mwenyewe husema ni kudra, watu wakampa pole. Bali aliyeokolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka, aibu yake hana pa kuizika.

Nikaufunga utumbo katika gazeti. Kesho yake nikangoja duka lijae, nikaomba dawa ya kuhara damu kwa maneno yale yale.

"Shemeji, umeanza tena? Huna hata kuku mmoja!"

"Si ya kuku wangu. Ni ya wako."

Nikalifungua gazeti juu ya kaunta. Fundi baiskeli, aliyekuwapo siku ile ya vitamini na sasa amekuja kununua pumba, alichungulia, akasema, "Ala! Mzee, leo mpe yeye vitamini!" Duka zima likacheka. Baba yako akaichukua dawa katika rafu yake mwenyewe. Kuku wake wamepona, karibu wote. Na siku hizi wafugaji huniletea mimi utumbo kwanza, ndipo waende kwake kununua.

Jana alimtuma mama yako na kuku hai, zawadi ya kupatana. Nilimchinja palepale, nikaupasua utumbo, nikautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulikuwa safi.

"Kaka, hujashiba tu?"

"Bado, dada yangu."

Basi jibu langu ni hili. Msamaha upo, wala sitamnyima. Na aje auombe pale pale aliponichekea, duka likiwa limejaa, na fundi baiskeli awepo. Akija kwangu faraghani atanikuta nasali, na sala zangu, kama ujuavyo, ni ndefu.

Nisalimie mkeo na mama mkwe wako. Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yako afya na riziki, akujalie jicho la kuyaona maradhi yangali machanga, na akuepushe na kumcheka mtu ambaye kesho utamhitaji.

Wako akupendaye daima,
Mjomba wako.