Pole Iliyoniletea Barua ya Onyo

Muscat, Oman
Jumapili, baada ya zamu ya asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukisomewa umesimama hufiki mwisho, utakumbuka sufuria. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Ulezi umeshaingia ghalani? Mimi ni mzima. Mafua ya kiyoyozi yameisha. Ndani ya hoteli yetu ni Sumbawanga ya mwezi wa sita, ukitoka nje ni mdomo wa tanuri.

Barua naipitisha kwa dada Magreth wa Namanyere, ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Sikutaka kujibu kwa simu kwa sababu simu anaishika mdogo wangu Yustina, na swali lako linamhusu yeye. Wakala amemletea karatasi ya kuja kufanya kazi huku, yeye anangoja neno lako, nawe unangoja langu. Najua hata hii ndiye anayekusomea sasa hivi, ila barua haikatwi katikati kama simu. Yustina, usiruke mstari.

Nimesoma upya daftari langu la kila siku, tangu nilipofika, nisije nikakujibu kwa hasira ya wiki moja.

Mazuri yapo, Mama. Hapa kazi inafundishwa. Nilipokuja sikujua kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, leo nawafundisha wageni wa kazi. Zamu ikiandikwa saa kumi na mbili, inaanza saa kumi na mbili. Jikoni unaweza kulala sakafuni na gauni la kanisani. Msimamizi wetu, Mhindi mmoja mpole, alinikalisha wiki nzima baada ya kazi akanifundisha majina ya vyakula, wala hakuna aliyemtuma.

Lakini upole wa huku unapimwa. Mgeni akimaliza kula anabonyeza nyota kwenye simu, na nyota zikipungua unaitwa. Tabasamu ni sehemu ya sare. Joto likizidi wageni hupotea, na wahudumu wengine huambiwa wakae bila kazi mpaka baridi irudi. Pasi yangu ya kusafiria iko ofisini, naiona ninapoiomba. Vyumba vya wageni vinatazama bahari. Chetu, tunacholala sita, kinatazama ukuta.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye simu. Asubuhi moja bibi mmoja wa Kiomani alijikwaa kwenye ngazi ya ukumbi wa chakula. Mimi nilikuwa mbali naye, na sinia mkononi. Nikaliweka, nikamkimbilia, nikamwambia pole. Ila nilimwambia kwa Kiingereza, kama tulivyoagizwa, na kwa Kiingereza neno la pole na neno la samahani ni lile lile moja. Mwanawe akasimama, akauliza kwa nini naomba radhi. Kama naomba radhi, basi kosa ni la hoteli. Kufikia saa nne nilikuwa na barua ya onyo, na likizo yangu ya kuja kuvuna nanyi ikafutwa. Ndiyo sababu hukuniona, Mama. Nilikwambia kazi ni nyingi. Haikuwa kweli.

Siku ya pili yake waliniita mbele ya meneja, yule bibi akiwa amekaa kitini, mguu umefungwa bandeji. Wakaniuliza mara tatu kama nilimsukuma. Nilichoka, Kiswahili kikanitoka chenyewe. Nikasema, "Nilimpa pole tu. Kwetu hata jirani akijikwaa na jiwe lake mwenyewe tunampa pole."

Yule bibi akainua uso. Kumbe alizaliwa Unguja.

"We mtoto wa wapi?"

"Sumbawanga, bibi."

"Sumbawanga? Basi ndiyo maana nimeanguka."

Mama, kumbe sifa yetu ya uchawi imevuka bahari! Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa aproni. Naye akacheka, kisha akamgeukia mwanawe akasema naye kwa Kiarabu muda mrefu, kijana akainamisha kichwa. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili, akasema, "Pole na wewe." Tangu nije huku, hakuna mgeni mwingine aliyenipa pole.

Lakini barua ya onyo haikufutwa. Meneja alisema imeshaingia kwenye kompyuta. Huku ndivyo kulivyo: watu wanaweza kuelewana, karatasi ikabaki palepale.

Kwa hiyo naogopa karatasi ya Yustina. Alinitumia picha ya karatasi hiyo. Imeandikwa "kazi za huduma", basi. Haikutaja hoteli wala mji. Huku huduma ni mimi na sinia langu, na huduma ni msichana anayelala jikoni kwa watu bila siku ya kupumzika. Neno ni hilo hilo moja. Jibu langu ni kwamba asiisaini. Asome kazi ya hoteli huko huko kwanza, nami nitamwombea nafasi hapa, jina la hoteli likiwa ndani ya mkataba. Ikikosekana, abaki.

Nisalimie bibi kule Milepa, mwambie bado napokea kitu kwa mikono miwili, hata wakinicheka. Nisalimie baba mdogo, na mwenyekiti wetu wa jumuiya, aniombee Misa za Jumapili ninazokosa.

Wa mwisho ni wewe unayesoma, Yustina. Picha za ukumbi unaong'aa nilikutumia mimi, na ukuta wa chumba chetu sikuupiga picha hata siku moja. Pole, mdogo wangu. Pole ya nyumbani, kwa sababu umejikwaa; na ile ya huku pia, kwa sababu safari hii kosa ni langu.

Sasa mpe Mama maji, umemsomea muda mrefu.

Mwanao, na dada yako,
Oliva