Tumbo la Mama na Ujio wa Wakwe

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 17 Agosti 2025
Asubuhi ya ukungu mzito, manyunyu kidogo

Mpendwa wifi Sheryl,

Hamjambo huko Tanga? Kaka Ochoki naye, mguu umepona? Sisi tu wazima, na majani ya chai yamechipua vizuri.

Uliuliza habari za tumbo la Mama. Daktari alimwambia aongeze maharagwe na kabichi kwa ajili ya sukari yake. Lakini unamjua Mama: akiambiwa aongeze, anahamia huko moja kwa moja. Alikula maharagwe asubuhi, mchana na jioni, na maji ya kulowekea hakuyamwaga, eti nguvu yote imo humo. Tumbo likavimba, gesi ikamsumbua hata kanisani.

Nao wazazi wa Omosa, mchumba wangu, walikuwa waje kupanga harusi yetu. Unajua huku kwetu kuachia hewa mbele ya wakwe ni aibu isiyofutika. Mama akaapa: "Nitabaki jikoni. Heri waseme nina kiburi." Na mama wa msichana asipoketi, mazungumzo hayaanzi.

Nikamwendea Mama Parth wa duka la nafaka. Alicheka sana. "Sisi Wahindi tunakula dengu kila siku, mbona hatupasuki?" Akaniambia niloweke usiku kucha, nimwage yale maji, nipike kwa maji mapya na bizari nyembamba. Mama aanze na vijiko vichache, tumbo lizoee, ndipo aongeze. Kabichi nayo isiwe kila siku. Taratibu tumbo likatulia, na maharagwe hajayaacha.

Jana wakwe walifika, na Mama aliketi. Baada ya sala, mara sauti ikatoka. Si kwa Mama, wifi, ni kwa babake Omosa! Mzee akainamia sakafu. Mimi nikauma mdomo nisicheke.

Mama hakupepesa jicho. "Nyanchama, mbadilishie Mzee kiti. Hicho kinalia tangu mwaka jana."

Mkewe akashindwa kujizuia. "Mama, usikionee kiti. Daktari amemwanzishia kunde!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha Mzee akauliza jambo moja tu: tunataka harusi lini? Ni tarehe 13 Disemba. Mje mapema.

Jioni Mama alimsindikiza mamake Omosa hadi langoni, wakinong'onezana habari za kuloweka kunde.

Msalimie Kaka, na mwanenu Benta mdogo umpe busu langu. Mungu awafunike kwa amani. Mimi furaha ilininyima usingizi; nililala saa saba usiku.

Wifi yako anayekupenda daima,
Nyanchama