Viazi vya Dada kwenye Sahani ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla baba hajaniambia tena nimpeleke shambani, maana visingizio vimeniishia.

Shamba letu liko kwenye mteremko mkali, ukidondosha kiazi juu unakiokotea chini kwa dada yangu, ambaye baba alimgawia kipande cha bondeni, na miaka yote baba alikuwa na kazi moja niliyoionea haya tangu utotoni, kwamba kila mvua zikiisha anashuka na kikapu, anazoa udongo uliojikusanya mpakani na kuupandisha mgongoni mpaka mstari wa juu kabisa, kikapu kwa kikapu, wiki nzima, na wapita njia wanamtania, "Mzee, mwingine umeusahau huku." Magoti yalipomgomea akanikabidhi shamba, akaniambia, "Mwanangu, majani ya kingo usiyaguse, na udongo ukishuka upandishe." Nikaitikia ndiyo baba, kisha msimu huohuo nikang'oa majani yote ili nipate mistari sita zaidi ya viazi, matuta nikayachimba kushuka mteremko kwa sababu kuyakingamisha kunaumiza kiuno, na kikapu nikampa kuku aatamie.

Mwaka wa kwanza nilivuna mpaka nikajiona fundi, wa pili nikavuna viazi kama gololi, na mwaka huu mvua zilishuka na shamba lenyewe, juu kumebaki changarawe na mwamba, udongo mweusi wote uko kwa dada. Baba hajui. Dirisha la chumba chake linatazama upande mwingine, na kila jioni anataka kiazi cha kuchemsha cha shamba lake, basi mimi naenda kuomba kwa dada, naye haniulizi kitu, anasema tu, "Chagua makubwa, mzee hapendi madogo," na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana. Juzi baba alimenya kimoja, akakinusa, akasema, "Huu ndio udongo wangu." Nilitoka nje nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nimwambie ukweli nimvunje moyo, au nimwache amalizie siku zake na furaha yake? Najuta, mshauri.

Mwenye Kikapu cha Kuku

*

Mwenye Kikapu cha Kuku, pole, na pole yangu inaishia hapo. Kikapu cha udongo ulikionea haya, lakini kila jioni unapita njiani na mfuko wa viazi vya kuombwa, na haya huzioni. Halafu unaniambia unamhurumia baba. Unayemlinda ni wewe, usimsingizie mzee.

Soma tena maneno yake. Hakusema shamba langu, alisema udongo wangu, na hakukosea, maana ndio uliokuza viazi hivyo huko kwa dada yako. Aliyeubeba mgongoni miaka yote hiyo anaujua kwa pua. Huenda hajui lolote, na huenda anakusubiri useme.

Leo, kabla ya kiazi cha jioni, kaa mbele yake umwambie yote, majani, matuta na kikapu, bila kuilaumu mvua. Kesho nenda kwa dada yako, umwombe radhi kwanza, ndipo umwombe ruhusa ya kuzoa udongo akishavuna. Wakati unamngoja, rudisha majani kwenye kingo na uchimbe matuta ya kukingama, la sivyo utapandisha udongo na mvua itaushusha tena. Anza na mstari mmoja tu, ule wa juu. Hutamaliza mwaka huu wala ujao, na pengine mzee hatauona mwisho wake. Hilo itabidi uishi nalo.

Kuku mtafutie boksi. Na siku ya kikapu cha kwanza usimwache baba chumbani. Mgongo wako ni mzima, mbebe yeye kwanza, umkalishe juu pale kwenye changarawe, ndipo ushuke kufuata udongo wake.